Rangi ya pili ilipoingia: kisa cha leza ya femtosekunde 30 na mpigo wa atosekunde 500

Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya RIKEN huko Wako, Japani, wakiwemo Eiji Takahashi na Katsumi Midorikawa, walikuwa na leza ambayo kwa desturi ya fani hii haikufaa kwa kazi waliyoitaka. Ilikuwa leza ya safaya yenye titani, mwanga wake ukiwa na urefu wa wimbi wa nanomita 800, na kila mpigo ulidumu femtosekunde 30 hivi (femtosekunde moja ni atosekunde elfu moja). Ilikuwa na nishati ya kutosha na kubaki. Tatizo lilikuwa muda: aliyetaka kupata mpigo mmoja tu wa atosekunde alitakiwa kwanza awe na mpigo wa leza wa femtosekunde chache tu. Wao hawakuufupisha mpigo wao. Waliongeza mwanga wa rangi nyingine, wa nanomita 1300, wakauchanganya na ule wa kwanza. Kufikia mwaka 2013 kikundi hicho kilikuwa kimetangaza mpigo mmoja wa atosekunde 500 wenye nishati ya mikrojuli 1.3, yaani nguvu ya kilele ya gigawati 2.6.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kana kwamba rangi mbili zikikutana hufupishana. Si kweli, na kosa hilo huwapoteza wanaoanza. Mpigo wa leza ulibaki na femtosekunde zake 30 kama mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba, ndani ya mpigo huohuo mrefu, kilele kimoja cha uga wa umeme kilipewa nafasi ya kuwashinda majirani zake wote. Nitaufuata ushindi huo kwa hesabu, halafu nitafuata deni walilojibebesha, ambalo lilikuja kulipwa miaka kumi baadaye.

Tatizo lenyewe

Atosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya bilioni ya sekunde. Wimbi moja la mwanga wa nanomita 800 hukamilisha mzunguko wake kwa femtosekunde 2.67, yaani atosekunde 2,670. Huwezi kukata kipande cha atosekunde mia tano kutoka kwenye wimbi ambalo mzunguko wake mmoja ni mara tano ya urefu huo. Lazima uhame rangi, uende kwenye urujuanimno wa mbali, ambako mawimbi ni mafupi mno.

Njia ya kwenda huko ilionekana mwaka 1987. Anne L'Huillier na wenzake huko Saclay, Ufaransa, walielekeza leza ya infraredi kwenye gesi adimu na kuona mwanga ukitoka na harmoniki nyingi za masafa ya leza (yaani masafa ambayo ni mara kadhaa kamili ya yale ya leza), zenye nguvu inayokaribia kulingana kwa safari ndefu, kisha zikakatika ghafla. Mwaka 1993 Paul Corkum alieleza kinachotokea kwa picha ya hatua tatu inayotumika hadi leo. Uga wa leza unapofika kileleni huinamisha ukuta unaoishikilia elektroni ndani ya atomi, na elektroni hupenya nje. Uga huibeba mbali na kuiongezea kasi. Uga unapogeuka, elektroni hurudishwa mbio hadi kwenye ioni iliyoiacha, na nishati yote iliyobeba hutoka kama cheche moja fupi ya urujuanimno.

Cheche hiyo ndiyo mpigo wa atosekunde. Lakini kila kilele cha uga kina cheche yake, na katika mzunguko mmoja kuna vilele viwili, cha juu na cha chini. Kwa leza ya nanomita 800, hiyo ni cheche moja kila baada ya femtosekunde 1.33. Mpigo wa femtosekunde 30 hutoa msururu wa cheche zaidi ya ishirini. Kwa kazi fulani msururu ni mzuri. Pierre Agostini alipopima cheche za atosekunde 250 mwaka 2001, alizipima zikiwa kwenye msururu. Ila ukitaka kuishtua elektroni mara moja na kutazama inafanya nini baadaye, cheche ya pili inayokuja kabla hujatazama ya kwanza imefanya nini itakuharibia kila kitu. Unahitaji moja.

Kwa nini mpigo mrefu hushindwa

Picha ya Corkum ina kanuni moja ya kikomo: nishati kubwa kabisa ya fotoni (chembe ya mwanga) inayoweza kutoka ni nishati ya kuing'oa elektroni kutoka kwenye atomi, jumlisha mara 3.17 ya nishati ya mtikisiko ambayo uga huipa elektroni huru. Nishati hiyo ya mtikisiko hukua sawia na ukali wa mwanga, na pia sawia na mraba wa urefu wa wimbi. Kilele chenye ukali mkubwa zaidi ndicho kinachofikia fotoni za juu zaidi. Ukichuja mwanga unaotoka ukabakiza zile fotoni za juu tu, ambazo kilele kimoja pekee ndicho kimezifikia, umepata cheche moja.

Sasa tuhesabu. Chukua mpigo wa nanomita 800 wenye umbo la kengele, na kilele kikuu kikiwa katikati kabisa. Jirani yake yuko femtosekunde 1.33 pembeni. Mpigo ukidumu femtosekunde 30, ukali kwenye kilele cha jirani ni asilimia 99.5 ya ule wa katikati. Tofauti ni nusu ya asilimia! Hakuna kichujio kitakachowatenganisha. Mpigo ukiwa wa femtosekunde 5, jirani hubaki na asilimia 82, na hapo pengo linaonekana. Ndiyo maana Ferenc Krausz na wenzake, waliopata mpigo mmoja wa atosekunde 650 mwaka 2001 huko Vienna, walianza na leza ya femtosekunde 7, na kila aliyefuata nyayo zao alikimbilia mipigo mifupi zaidi.

Ubaya wa mipigo mifupi namna hiyo ni umaskini wake. Njia ya kawaida ya kuipata ni kupitisha mwanga ndani ya mrija mwembamba wa kioo uliojaa gesi, ili wigo wa rangi upanuke, kisha kuubana kwa vioo maalumu. Ukisukuma nishati nyingi, gesi ndani ya mrija huanza kugeuka ioni na boriti ya mwanga huharibika. Ukizidisha, mdomo wa mrija huungua. Kwa kuwa leza inayoingia ni ndogo, cheche ya atosekunde inayotoka huwa ya nanojuli chache au pungufu. Inatosha kwa vipimo ambavyo leza kubwa hushirikiana na cheche. Haitoshi pale unapotaka cheche mbili za atosekunde zifanye kazi pamoja, moja ishtue na nyingine itazame, kwa sababu hapo fotoni mbili za urujuanimno zinatakiwa kuifikia atomi moja ndani ya muda uleule. Hilo linahitaji wingi wa fotoni, na RIKEN walikuwa na leza ya kutoa wingi huo. Waliyokosa ni upweke wa cheche.

Hesabu ya rangi mbili

Mwanga wa nanomita 1300 hutikisika mara moja kila femtosekunde 4.34. Ukiuchanganya na ule wa nanomita 800, mawimbi mawili hukubaliana mahali fulani na kupingana mahali pengine, kama nyuzi mbili za gita zisizolingana sauti zinavyotoa mvumo unaopanda na kushuka. Mvumo huu hurudia kila femtosekunde 6.94.

Nilifanya hesabu ya mfano rahisi: nyuga mbili zenye nguvu sawa, zote zikiwa kileleni katikati ya mpigo. Kilele jirani sasa kiko femtosekunde 1.65 pembeni, na ukali wake ni asilimia 54 tu ya ule wa katikati. Kinachofuata, femtosekunde 3.3 pembeni, kimezimika kabisa: uga wake ni chini ya asilimia 8 ya uga wa kilele kikuu, na ukali, ambao ni mraba wa uga, haufiki hata asilimia moja. Majirani wa karibu wamenyamazishwa vizuri kuliko mpigo wa femtosekunde 5 unavyoweza.

Lakini mvumo hurudi. Kwenye femtosekunde 6.6 hivi mawimbi mawili hukaribia kukubaliana tena, na kilele kirefu huinuka kwa upande wa chini. Bila bahasha ya mpigo (lile umbo la kengele linalofunika mawimbi yake) kingekuwa na ukali wa asilimia 98. Hapa ndipo zile femtosekunde 30, zilizoonekana ndefu na butu, zinapotoa msaada wake: kwenye umbali huo kutoka katikati bahasha imeshuka hadi asilimia 87. Zidisha, unapata kama asilimia 85.

Linganisha namba mbili. Mpigo wa rangi moja wa femtosekunde 5: mshindani mkubwa ana asilimia 82. Mpigo wa rangi mbili wa femtosekunde 30: mshindani mkubwa ana asilimia 85. Karibu ni kitu kilekile, na huu wa pili unaweza kutengenezwa kwa leza yenye nishati kubwa bila mrija wowote wa kuungua. Kwangu mimi kisa chote kimo humo. Rangi ya pili haikufupisha chochote. Ilisukuma washindani mbali kiasi kwamba bahasha ya kawaida ikatosha kuwamaliza.

Tahadhari mbili kuhusu hesabu hii. Katika maabara mwanga wa infraredi huwa hafifu kuliko ule wa nanomita 800 unaouzaa, kwa hiyo majirani hawazimiki kwa usafi niliouonyesha. Na kupima ukali wa kilele peke yake ni njia ya mkato: elektroni hupata nishati yake safarini, kutokana na umbo zima la uga kuanzia inapotoka hadi inaporudi. Hesabu kamili hufuata njia ya kila elektroni. Mwelekeo wa jibu, hata hivyo, ndio huohuo.

Kwa nini 1300?

Swali hili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu jibu la haraka ni kuchukua rangi iliyo rahisi kuipata. Rangi rahisi kuliko zote ni nanomita 400: unapitisha leza kwenye fuwele nyembamba na masafa yanaongezeka maradufu. Wengi wamefanya hivyo, na faida yake ni ya kweli. Kuongeza nanomita 400 huvunja ulinganifu kati ya kilele cha juu na cha chini. Kimoja hupata nguvu na kingine hunyauka, na badala ya cheche mbili kwa mzunguko unabaki na moja. Dalili yake huonekana wazi kwenye spektramu, yaani mpangilio wa rangi za mwanga unaotoka: harmoniki shufwa, ambazo kwa rangi moja hazitoki kabisa kwenye gesi, hujitokeza katikati ya zile witiri.

Lakini nanomita 400 hurudia hadithi yake kila femtosekunde 2.67. Kwa mpigo wa femtosekunde 30, mshindani aliyeko umbali huo ana asilimia 98. Umepunguza idadi ya cheche kwa nusu, bado una msururu.

Nanomita 1600, ambayo ni mara mbili kamili ya 800, ni afadhali. Mchanganyiko hurudia kila femtosekunde 5.33, na bahasha hapo iko kwenye asilimia 92. Tatizo ni kwamba unarudia bila tofauti yoyote. Uwiano ni kamili, kwa hiyo kazi yote ya kumshusha mshindani inaachiwa bahasha.

Basi kwa nini usichukue rangi mbili zinazokaribiana sana, ili mvumo uwe mrefu na mshindani atupwe mbali? Jaribu 800 na 900. Mvumo unakuwa wa femtosekunde 24, na huko bahasha imeshakufa. Ila mvumo mrefu hushuka polepole, na jirani wa karibu kabisa, femtosekunde 1.4 pembeni, anabaki na asilimia 97. Umemfukuza adui wa mbali ukamkaribisha wa karibu.

Kwa hiyo rangi zikikaribiana mno, jirani wa karibu hazimiki. Zikiachana mno au zikiwa na uwiano kamili, wa mbali hurudi mapema. Nanomita 1300 iko katikati ya mvutano huo, na uwiano wake na 800 si namba nzima, jambo linalofanya kila kurudi kwa mvumo kuwe na kasoro kidogo. Katika kazi ya mwaka 2010 urefu wa wimbi wa infraredi ulichaguliwa kwa kutafuta hasa penye spektramu iliyo laini karibu na kikomo. Ulaini huo ndio ushahidi: cheche nyingi zikifuatana, spektramu yao huwa na meno kama chanuo, kwa sababu huingiliana, cheche ikiwa moja, hakuna wa kuingiliana naye na meno hupotea.

Kuna sababu nyingine inayostahili sentensi chache. Mawimbi marefu huipa elektroni nishati kubwa kwa ukali uleule, kwa hiyo unafikia fotoni ileile kwa mwanga hafifu zaidi, na gesi haigeuki ioni kupita kiasi. Gesi iliyojaa elektroni huru huvuruga mwendo wa pamoja wa leza na urujuanimno, cheche za atomi mbalimbali zikaanza kufutana badala ya kujumlishana. Mtu anaweza kusema: basi tumia nanomita 1300 peke yake. Hapo utalipa kwa njia nyingine. Elektroni inayosafiri muda mrefu hutawanyika, na uwezekano wa kuigonga ioni inaporudi hupungua. Nguvu ya harmoniki hushuka kwa kipeo cha 5 hadi 6 cha urefu wa wimbi. Kutoka 800 hadi 1300 hiyo ni hasara ya mara 11 hadi 18. Mchanganyiko hukupa sehemu ya faida bila kukutoza hasara yote.

Deni la awamu

Sasa upande ambao wasimulizi huupita mbio. Katika hesabu yangu niliweka nyuga zote mbili kileleni katikati ya bahasha, kana kwamba leza hutii. Leza haitii. Katika leza isiyodhibitiwa, wimbi huteleza ndani ya bahasha yake kutoka mpigo hadi mpigo, na hakuna ajuaye kilele kitaangukia wapi. Mahali wimbi lilipofikia katika mzunguko wake ndipo panapoitwa awamu.

Chukua hali mbaya kuliko zote: wimbi limeteleza robo ya mzunguko kwa rangi zote mbili. Katikati ya bahasha sasa hakuna kilele bali sifuri, na pembeni mwake wamesimama vilele viwili vinavyolingana, kila kimoja na ukali wa asilimia 87 ya ule wa hali nzuri. Unapata cheche mbili, zikitengana kwa femtosekunde 1.65. Kwa mtazamo wa haraka hii ni balaa.

Lakini tazama namba tena. Vilele vya hali mbaya vina asilimia 87 tu, kwa hiyo kikomo chao cha fotoni kiko chini ya kile cha hali nzuri. Ukichuja ukabakiza fotoni za juu kabisa, mipigo mibaya haitoi kitu. Inakaa kimya, na inayosikika ni ile iliyobahatika. Kichujio kilekile kinachomwondoa mshindani wa femtosekunde 6.6 kinaondoa pia mipigo yenye awamu mbovu. Hivyo ndivyo ninavyolielewa dai la mwaka 2010 ambalo mwanzoni lilinishangaza: spektramu laini ilipatikana bila kuidhibiti awamu ya wimbi ndani ya bahasha. Kwa leza kubwa inayopiga mara 10 tu kwa sekunde, ambayo kuidhibiti ni kazi ngumu, hilo lilikuwa punguzo kubwa la mzigo.

Halikuwa bure, bali mkopo. Unalipa kwa mipigo unayoitupa, na kwa kuyumba kwa nishati kutoka mpigo mmoja hadi mwingine. Na kadiri unavyotaka cheche fupi zaidi ndivyo unavyohitaji dirisha pana la fotoni, na dirisha likipanuka kwenda chini linaanza kuwaingiza washindani uliokuwa umewafungia nje. Mpigo wa atosekunde 500 unahitaji upana wa elektrovolti (kipimo cha nishati ya fotoni) 3.65 angalau. Atosekunde 140 zinahitaji karibu 13. Ukitaka upana huo kwa rangi mbili na awamu inayojiendea, maji yatazidi unga.

Mwaka 2013: kupima kwa fotoni mbili

Nishati ya mikrojuli 1.3 haikutoka kwenye mchanganyiko wa rangi peke yake. Kikundi hiki kilikuwa na utaalamu wake wa miaka mingi: badala ya kuikusanya leza kwenye nukta ndogo, waliikusanya taratibu kwa umbali mrefu, ili doa la mwanga liwe pana na gesi ipitiwe kwa urefu mkubwa, ukali ukiwa uleule. Atomi nyingi zaidi hushiriki, na zikienda kwa awamu moja nguvu huongezeka. Mbinu hiyo ikiunganishwa na rangi mbili ndiyo iliyoleta gigawati 2.6.

Cha kuvutia zaidi ni namna walivyopima muda. Kwa kawaida cheche ya atosekunde hupimwa kwa kuichanganya na leza iliyoizaa, na muda husomwa kwa hesabu kutokana na elektroni zinazoruka. Hapa cheche iligawanywa mara mbili, nusu moja ikacheleweshwa, na zote zikakutana tena ndani ya gesi ambamo mwitikio hutokea pale fotoni mbili za urujuanimno zinapomezwa pamoja. Nusu zikipishana, mwitikio hushuka. Ni kipimo cha zamani cha leza za kawaida, kikihamishiwa kwenye urujuanimno, na hakiwezekani kabisa kwa cheche za nanojuli. Kwa hiyo kipimo chenyewe kilithibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba mpigo ulikuwa mfupi, na kwamba ulikuwa na nguvu ya kufanya kazi iliyokusudiwa. Kwa maoni yangu hili lina uzito kuliko namba 500, maana wakati huo tayari walikuwepo waliofikia atosekunde 80, na hata 67, kwa cheche dhaifu.

Rangi ya tatu na malipo ya deni

Mwaka 2020 kikundi cha RIKEN kilitoa matokeo ya chombo kipya chenye rangi tatu. Chanzo kilibaki leza ya safaya inayopiga mara 10 kwa sekunde. Sehemu ya mwanga wake iliendesha kikuza cha hatua mbili ambamo fuwele huipasua fotoni moja ya leza kuwa fotoni mbili za infraredi, na zote mbili zikatumika: hapo awali moja tu ndiyo iliyochukuliwa. Hapo kuna uzuri wa kimaumbile. Masafa ya fotoni mbili zinazozaliwa hujumlishwa kuwa masafa ya mzazi wao, na awamu zao nazo hufungamana kwa kanuni hiyohiyo. Rangi tatu zilizotoka tumbo moja zina undugu ambao leza tatu tofauti hazingekuwa nao.

Undugu huo haukutosha. Boriti tatu husafiri njia tatu kabla ya kukutana, na kioo kikisogea nanomita 50 tu, mwanga unaoakisiwa moja kwa moja hupata umbali wa ziada wa nanomita 100, ambao kwa rangi ya nanomita 1300 ni nyuzi 28 za awamu. Joto la chumba likibadilika kidogo, au pampu ikitetemeka chini ya meza, hayo yametokea. Na leza inayopiga mara 10 kwa sekunde haikupi nafasi ya kurekebisha haraka: ukipima kwa mipigo yenyewe, mtikisiko wowote wa kasi kuliko mara 5 kwa sekunde huwezi kuufuata.

Safari hii kila kitu kilidhibitiwa: ucheleweshaji kati ya boriti, awamu kati ya rangi na rangi, na ile awamu ya wimbi ndani ya bahasha ambayo mwaka 2010 iliachwa ijiendee. Mchanganyiko wenye nishati ya milijuli 50 ulitoa spektramu laini kuzunguka elektrovolti 60, ikijirudia ileile mpigo hadi mpigo, nishati yake ikizidi mikrojuli 0.24. Upana wa spektramu hiyo unaruhusu mpigo wa atosekunde 140, na nguvu ya kilele ilikadiriwa kupita gigawati 1.

Neno la kuangaliwa hapo ni "unaruhusu". Atosekunde 140 ni muda mfupi kabisa ambao upana ule wa spektramu unaweza kubeba ikiwa rangi zake zote za urujuanimno zinafika pamoja. Na huwa hazifiki pamoja: elektroni za nishati ndogo na za nishati kubwa hurudi kwenye ioni kwa nyakati tofauti kidogo, na cheche hutoka imenyooshwa. Atosekunde 500 za mwaka 2013 zilipimwa. Hizi 140 zilihesabiwa kutoka kwenye spektramu. Anayeziweka namba hizi mbili kwenye jedwali moja bila kusema hivyo anawadanganya wasomaji wake, hata kama kila namba peke yake ni sahihi.

Kuna watu waliochukua rangi nyingi kwa njia iliyo kinyume na hii. Huko Garching, Ujerumani, Eleftherios Goulielmakis na wenzake waliugawa mwanga mpana wa leza, kuanzia infraredi ya karibu hadi urujuanimno, katika mikondo minne, wakaudhibiti kila mkondo na kuirudisha pamoja. Mwaka 2016 walitangaza mpigo wa atosekunde 380 uliotokana na mwanga huohuo, bila harmoniki za gesi. Pale rangi nyingi kweli ziliufupisha mpigo wenyewe, kwa kujumlishana. Huko Wako rangi ya pili na ya tatu hazikuwa na kazi hiyo. Mpigo wa leza uliingia kwenye gesi ukiwa mrefu, ukatoka mrefu, na nyuma yake gesi ikawa imetoa cheche moja.